Nyumba ya bibi Mkomani, simiti yangu, na maji niliyochelewa kuyauliza

Simu ya mama mkubwa ilinikuta Mombasa, nikisahihisha mitihani. Ilikuwa Mei 2018 na masika yalikuwa yameshika. "Mwanangu," akasema, "boriti mbili za ndani zimetindika. Hatukuumia. Nimetoa kitanda, yeo nalala msanani." Boriti ni ile miti ya mkoko inayobeba dari; mbili zilikuwa zimekatika. Aliponyamaza niliisikia mvua, kisha nikasikia maji yakidondoka kwenye sufuria, tone baada ya tone, ndani ya nyumba ambayo miaka mitatu nyuma nilikuwa nimeitilia shilingi 640,000 nikiamini nimeiokoa.

Nyumba yenyewe iko mtaa wa Mkomani, Amu, yaani Lamu, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Ni ya ghorofa moja juu ya chini, kuta zake za mawe ya matumbawe zina unene wa dhiraa moja na zaidi, ina daka la kukalia wageni, tekani ya kuingilia, kiwanda, yaani ua wa ndani, chenye jua la asubuhi, msana wa mbele, ule ukumbi mrefu, na kule mwisho kabisa, ndani, chumba cha bibi chenye zidaka, vishubaka vya ukutani, ukuta mzima. Nayaandika haya kwa wenzangu waliorithi nyumba kama ile, iwe Amu, Siyu, Malindi au Mji wa Kale wa Mombasa, ambao muda huu wanahesabu mifuko ya simiti. Mimi niliihesabu. Natamani mtu angenishika mkono siku ile.

Lakini kabla ya simiti kulikuwa na karatasi. Bibi alifariki 2013. Desturi ya Amu nyumba hupewa binti anapoolewa, na ndiyo maana utaona wikio likivuka juu ya njia kuunganisha nyumba ya mama na ya mwanawe. Nyumba hii ilikuwa ya bibi kwa njia hiyo, na alipoondoka tukawa warithi kumi na mmoja. Mmoja yuko Muscat, wawili Nairobi, wengine Mombasa na Amu. Kupata mgawo kwa kadhi kulituchukua miezi kumi na minne, na sehemu kubwa ya muda huo hatukuwa tukibishana. Tulikuwa tukisubiriana tu: cheti cha kifo cha mjomba, kitambulisho kilichopotea, wakala wa ndugu wa Muscat. Nyumba ikivuja muda wote huo. Mji wetu umejaa magofu ya namna hii, na mengi hayakuangushwa na umaskini. Yaliangushwa na warithi ambao hawakukaa kikao kimoja.

Katika hatua hiyo nilifanya kosa ambalo lilinirudia baadaye. Nilianza kutoa pesa zangu bila kuandika popote kama ni mkopo kwa familia, sadaka, au sehemu ya kununua fungu la mtu. Nilidhani kuandika ni kutowaamini ndugu. Ikiwa umefika hapo, kaeni, andikeni, wote watie saini, mashahidi wawepo. Qur'ani yenyewe imetuamrisha tuandike deni, na sijui kwa nini nilijiona mkarimu kuliko amri hiyo.

Sasa simiti. Mwaka 2015, likizo ya Agosti, nilimleta mkandarasi kutoka nje ya Amu. Alikuwa kijana mchapakazi, hakuniibia, na alifanya nilichomwambia. Lipu ya chokaa ilikuwa inadondoka vipande vipande. Akaikwangua yote sehemu za chini na ndani, akapiga lipu ya simiti, akapaka rangi ya mafuta ing'aayo. Juu akatujengea bafu la vigae, choo cha kuvuta maji na bomba la mvua. Kwenye sakafu ya paa akaweka tangi jeusi la lita 1000. Na kwa kuwa nilitaka mahali pa kuegesha kabati na televisheni, alizijaza zidaka za safu mbili za chini, akazisawazisha na ukuta.

Hapo naomba nikae kidogo. Zidaka zile zilikuwa na nakshi za chokaa pembeni, majani yaliyopindana, kazi ya mkono wa mtu aliyekaa mbele ya ukuta ule siku nyingi na kisu chake. Bibi aliweka humo mabakuli ya Kichina yaliyosalia, msahafu, chupa ya mawaridi, na peremende alizotugawia tukimaliza kusoma. Mama mkubwa alikuja kutazama kazi jioni. Akasimama mlangoni, akaangalia ukuta uliokuwa mweupe na laini kama wa benki, hakusema lolote, akatoka kwenda kukaa kiwandani. Nilimfuata kumuuliza kama hapendi. Akasema, "Umefanya kwa wema." Nilichukua maneno hayo kuwa shukrani.

Kibali sikuomba. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inalinda majengo ya namna hii. Nilijua hivyo vyote. Nilijiambia kuwa lipu ni usafi tu, si ujenzi. Kumbe mazungumzo ya saa moja na watu wa uhifadhi yangenizuia kabla sijafungua mfuko wa kwanza. Wengi wetu tunaogopa ofisi hizo kwa kuwa tunadhani kazi yao ni kukataza. Mimi nilipokwenda hatimaye, 2018, nikiwa na aibu, niliondoka na ushauri wa bure na njia ya kumfikia fundi ambaye familia nzima ilikuwa imemsahau.

Nyumba ilipendeza kwa mwaka mmoja na nusu. Mwanzoni mwa 2017 rangi ikaanza kuvimba karibu na sakafu, kama ngozi iliyoungua. Ukiibonyeza inapasuka na unga mweupe unamwagika. Nilidhani rangi ni mbovu. Agosti nikaja na rangi nyingine, nikakwangua, nikapaka upya, shilingi 48,000. Unga ule ulikuwa chumvi. Nilikuwa nimeupaka rangi ugonjwa.

Basi, Mei ile 2018 nilipanda basi la alfajiri hadi Mokowe, nikavuka kwa boti, nikafika nyumbani Adhuhuri. Harufu ilinipokea kwenye tekani, harufu ya ukuta ulioloa siku nyingi. Chumba cha ndani kilikuwa na shimo darini, kifusi kimetapakaa pale kitanda cha mama mkubwa kilipokuwa. Niliokota kipande cha boriti. Katikati kilikuwa kigumu, nyundo inaruka. Ncha yake, ile iliyokuwa imeingia ukutani, ilivunjika mkononi mwangu kama mkate uliorowa.

Fundi alikuja asubuhi ya pili. Mzee mfupi, kanzu imefungwa kiunoni, mwashi aliyejifunza kwa babake. Sikumwambia habari za simiti, niliona haya, lakini aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole mara mbili akanitazama. Nilitarajia aniulize nani alifanya hivi. Aliuliza, "Mai yatoka wapi?"

Nikamjibu kwamba mvua ni kubwa mwaka huu. Akarudia swali lile lile, pole pole, kama mwalimu. Hakutaka kugusa boriti wala lipu mpaka alijue jibu. Siku mbili tulifanya kazi ya maji peke yake. Alimtuma mpwa wangu dukani akalete bluu ya kufulia, tukaikoroga kwenye ndoo, tukaimwaga kwenye bafu langu la vigae. Kesho yake rangi ya bluu ilikuwa imetokea chini ya ukuta wa ndani, mstari mrefu, ghorofa nzima chini yake. Bomba la maji machafu lilikuwa limeachana kiungo ndani ya ukuta, na kila tulipooga tulikuwa tunaunywesha.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Nyumba hizi zilijengwa kwa watu waliochota maji kwa kata kutoka kwenye birika, hodhi la maji la nyumbani. Maji yalikuwa machache na yalijua njia yake. Sisi tumeleta bomba, bafu, mashine ya kufulia, choo cha kuvuta, tukamwaga kwa siku moja maji ambayo bibi angeyatumia kwa juma, na yote tumeyapitisha ndani ya ukuta ule ule. Sisemi turudi kwenye kata. Nasema ukitaka bafu, lijengee njia yake ya nje kwanza: bomba linaloonekana, linaloshikika, ambalo likivuja utaliona siku hiyo hiyo.

Chanzo cha pili kilikuwa paa. Tangi la lita 1000 likijaa ni tani moja, na tulikuwa tumeiweka tani hiyo katikati ya chumba, juu ya boriti zilizokusudiwa kubeba sakafu yake na watu wanaopunga upepo. Sakafu ilikuwa imepasuka duara kulizunguka tangi. Cha tatu kilikuwa mtaro wa kichochoroni nyuma ya nyumba, wa mawe, wa zamani, umejaa mchanga na mifuko ya plastiki, maji yamesimama yakiegemea msingi wetu.

"Na simiti?" nikauliza mwishowe.

"Simiti imeyafungia," akasema. "Nyumba hii yapumua, mwanangu. Ukiifunga kinywa, mai hutafuta ndia nyengine."

Nimesoma baadaye na kuelewa maana yake. Jiwe la matumbawe lina vinyweleo, linafyonza unyevu, na chokaa iliyo juu yake ina vinyweleo pia, kwa hiyo unyevu hutoka hewani na chumvi hubaki juu, pa kufagiwa. Lipu ya chokaa hudondoka kidogo kidogo kwa miaka; imewekwa ili iumie badala ya jiwe. Simiti ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi. Maji yakikosa kutoka hupanda, chumvi huganda ndani na kulipasua jiwe, na unyevu hukaa pale hasa zilipo ncha za boriti. Boriti ya mkoko ikiwa kavu mchwa wanaishindwa kwa miaka mingi. Ikilala kwenye ukuta uliofungwa, huoza kimya kimya mahali ambapo jicho halifiki.

Tatizo jingine likawa kwamba boriti hazikuwepo. Februari mwaka ule serikali ilikuwa imepiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na wakataji wa mikoko wa Lamu walikumbwa nayo. Wapo waliokuja usiku kuniambia wanazo. Nilijaribiwa, sitaficha. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, na samaki tunaokula wanalelewa kwenye mizizi ile. Nikaona siwezi kuponya nyumba kwa kuiba msituni. Tukatia miega. Magogo kumi na sita yalishikilia dari ya nyumba yetu kwa zaidi ya mwaka, na mama mkubwa alipita katikati yake na sinia la chai kana kwamba yalikuwepo siku zote.

Mwaka huo wa miega ndio uliokuwa mgumu kuliko yote. Kakangu alileta habari ya mnunuzi kutoka Ulaya. Nyumba nyingi za Mkomani na Shela zimekwenda hivyo, na nyingine zimetunzwa vizuri kuliko zetu, lazima niseme kweli. Bei ilikuwa ya kutosha kila mrithi. Kaka alikuwa na haki ya kutaka fungu lake, na kwa kuwa hatukuandika chochote, nilipomkumbusha pesa zangu alisema hakuwahi kuniomba nizitoe. Alikuwa sahihi. Tuligombana kwa simu kiasi ambacho sikuwahi kugombana na mtu. Aliyemaliza ni mama mkubwa, si kwa hoja. Aliuliza tu, "Na mimi nikakae wapi niisikie adhana ya msikiti huu?" Kaka alikata simu. Baada ya wiki alipiga, tukaandika makubaliano: fungu lake nitalinunua kwa miaka sita.

Kuvua simiti kulianza Desemba 2018, kaskazi ilipoanza kuvuma. Hii ni kazi ya huzuni. Simiti haibanduki peke yake; huondoka na uso wa jiwe. Fundi alinikataza mashine, akafanya kwa patasi ndogo na nyundo ya mbao, na bado tulipoteza. Kwenye zidaka tulikaa siku tisa. Safu moja ilifunguka karibu nzima. Ya pili nakshi zake zilitoka zimegandamana na simiti, majani yote yakiwa kinyume upande wa pili, kama muhuri. Nimehifadhi vipande viwili. Wengine watakuambia zinaweza kuchongwa upya, na ni kweli, fundi alichonga mbili. Lakini ni mkono wake, si ule.

Kisha tukaziacha kuta uchi. Miezi mitatu na zaidi, Desemba hadi Machi, hatukufanya lolote ila kufungua madirisha na kufagia chumvi kila asubuhi. Hakuna hatua iliyonitia wasiwasi kama hii, kwa sababu mtu anaona halipi kazi, analipa kusubiri. Jirani zangu walidhani pesa zimeisha. Ukifika hapa, vumilia. Ukuta uliolowa kwa miaka mitatu haukauki kwa siku kumi, na lipu yoyote juu ya unyevu, hata ya chokaa, ni hasara.

Boriti tulizipata kwenye gofu lililokuwa likibomolewa Langoni. Tulinunua korija moja na nusu, thelathini, na fundi aligonga kila moja akisikiliza kwa sikio. Ishirini na mbili zikafaa. Zilizobaki nilizisubiri hadi nikampata mkataji mwenye kibali cha idara ya misitu, na risiti yake nimeiweka pamoja na hati ya nyumba. Mkandarasi wa kwanza aliwahi kunishauri nivunje ukuta nipate ukumbi mpana. Namshukuru Mungu sikumsikiza. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio upana wa chumba. Ukiuondoa ukuta umeondoa miguu ya dari. Kila ncha ya boriti mpya ililazwa juu ya jiwe bapa, ikaachiwa upenyo wa hewa pembeni. Hilo ni jambo la dakika tano kwa kila boriti, na ndilo litakaloamua kama wajukuu watazibadilisha.

Chokaa yetu ilitokana na mawe ya Manda. Magogo hupangwa duara, mawe ya matumbawe hurundikwa juu, moto huwashwa katikati na kuachwa uile tanuu. Inakula kuni nyingi, na hili ni swali ambalo sisi wapenzi wa chokaa hatuna budi kulikabili. Tulipunguza kwa kutumia tena kifusi cha sakafu ya zamani badala ya kukitupa. Chokaa ilivuka kwa mashua, ikapandishwa kwa punda, mashogi mawili mawili, kwani hakuna gari litakaloingia vichochoro vyetu, na nauli ya punda sikuwa nimeiweka kwenye hesabu hata kidogo. Wekeni. Kila jiwe, kila ndoo ya mchanga, na kila kifusi kinachotoka kina nauli yake. Mchanga nao usiwe wa ufukweni. Una chumvi, na chumvi ndiyo tuliyokuwa tukiikimbia.

Chokaa ikachovywa shimoni majuma kadhaa kabla ya kutumiwa. Sakafu ya paa ilipigwa kwa mkono. Walikuja majirani, wanawake kwa wanaume, na vipande vyao vya mbao, siku tatu wakipiga kwa mwendo mmoja na kuitikiana nyimbo mpaka maji ya chokaa yakapanda juu na uso ukafunga. Mama mkubwa aliwaimbisha kutoka kwenye ngazi. Lipu ilipofuata, tuliifunika magunia na kuyalowesha asubuhi na jioni, juma zima. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa taratibu. Upepo wa kaskazi ukiikausha haraka, inapasuka. Upande mmoja kijana aliyepewa kazi ya kumwagia alisahau Ijumaa na Jumamosi, na nyufa zake ziko hadi leo.

Aprili 2020, korona ikafunga njia. Mombasa tulizuiwa kutoka, na mimi nikasimamia nyumba kwa picha za simu. Kwa haraka ya kutaka kazi iishe kabla mkopo haujaisha, nikaamuru lipu ya ukuta wa nyuma chini ipigwe ingawa mtaro wa kichochoroni ulikuwa haujatengenezwa. Fundi alinionya. Nilimjibu kwa ujumbe mfupi ambao najuta mpaka leo. Masika yakaja, maji yakapanda, na kimo cha mtu mzima cha lipu mpya kikaharibika: shilingi 62,000. Nilikuwa nimelijua swali la maji kwa miaka miwili, na bado nililiruka.

Mtaro wenyewe haukuwa wetu peke yetu. Nyumba tisa zinaumwagia maji, na kuta zetu zinashikana, kwa hiyo unyevu wa mmoja ni wa wote. Jambo hili halina fundi, lina baraza. Tulikaa mara nne nje ya msikiti baada ya Isha. Mzee mmoja alisema mtaro ni wa serikali na yeye hatoi kitu. Mama mmoja mjane alisema hana pesa ila ana wana wawili wenye nguvu. Tukaandika barua ya kuomba ruhusa ya kufumua njia. Ikakaa kwenye ofisi moja miezi mitano bila jibu, hadi tulipoacha kutuma barua na kwenda watu wanane kwa pamoja, kwa adabu, tukakaa hadi ikasainiwa. Sehemu yetu ya gharama ilikuwa 35,000. Katika kila shilingi niliyotumia kwenye nyumba ile, hizo ndizo zilizofanya kazi kubwa kuliko zote.

Mwezi Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa upande wa pili wa maji, na wiki hiyo hiyo sisi tulikuwa tukifunika mtaro wetu. Bandari siipingi, vijana wetu wanahitaji kazi. Lakini nilisimama pale na koleo nikafikiri: nchi inayojua kuanzisha lazima ijue pia kutunza, na utunzaji wa mji kama Amu uko hapa, kwenye mita sitini za mawe zinazopitisha maji ya nyumba tisa. Visima vya mchanga wa Shela vinatunywesha, mitaro hii inatusafisha, kuta hizi zinashikana. Kimoja kikifa vingine havibaki. Bajeti zetu zinapenda jengo jipya lenye jiwe la msingi, na mimi nasihi, kwa moyo wote, mtaro nao utengewe fungu lake kila mwaka kabla ya masika, usingojee ufe ndipo uitwe mradi.

Hesabu yote, kwa wanaotaka kujua: kazi ya pili, ya kurekebisha ya kwanza, imekula shilingi 1,760,000 hadi sasa. Laki tisa ni mkopo wa chama cha akiba cha walimu. Ukijumlisha na zile 640,000 za mwanzo, na rangi, utaona kosa langu lina bei gani. Kama ningeanza na fundi yule mwaka 2015, kazi yake ya paa na bomba ingegharimu chini ya nusu, kwa kuwa boriti zilikuwa nzima. Fundi nilimlipa kwa hatua, kila hatua ikikaguliwa, na nawasihi mfanye hivyo hata kwa mtu mnayempenda. Nyaya za stima tulizipitisha juu ya ukuta ndani ya mabomba madogo badala ya kuuchimba. Tangi liko chini kiwandani, na pampu ndogo hupandisha maji. Picha za kila chumba, kabla ya kugusa, nilizipiga 2018. Za 2015 sina, na zidaka za chini za bibi nazikumbuka kwa kichwa tu.

Jambo linalonisumbua sasa ni mikono. Mzee wetu alikuwa na kijana mmoja tu wa kumsaidia. Niliweka sharti kwamba mpwa wangu, yule wa bluu ya kufulia, awe naye kila siku ya likizo, na analipwa. Hivi karibuni amepiga lipu ya daka peke yake, mzee amekaa barazani akimtazama bila kusema kitu, na kwa mzee yule hiyo ni sifa.

Ukuta wa nyuma haujaisha. Kimo kile cha mtu mzima kimevuliwa tena, kimekauka kaskazi iliyopita, na mawe bado yanaonekana. Chokaa yake imeshachovywa, iko kwenye shimo la kiwandani chini ya magunia, inangoja likizo ya Agosti. Nikipiga simu jioni, kabla hata ya kuniuliza habari za wanangu, mama mkubwa huniambia kama ameimwagia maji.